Constance Markievicz: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukiuliza mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Uingereza ni nani, wengi watakujibu Nancy Astor. Astor alikuwa wa kwanza kukikalia kiti, Desemba 1919. Aliyechaguliwa kwanza ni Constance Markievicz wa Ireland, mwaka mmoja kabla, katika jimbo la St Patrick's, Dublin. Wanawake 17 waligombea, akashinda yeye peke yake, tena akiwa mfungwa katika gereza la Holloway, London.

Hakukikalia kiti hicho, lakini si kwamba alinyang'anywa kwa sababu ya kifungo, kama wengine wanavyodhani. Sinn Féin, chama chake kilichopigania uhuru wa Ireland, walisusia Westminster, yaani Bunge la Uingereza, kwa makusudi, wakaunda bunge lao Dublin. Januari 21, 1919, jina lake liliposomwa ukumbini, jibu lilikuwa kwamba amefungwa na wageni, yaani Waingereza.

Kuhusu ukabaila wake: alizaliwa London mwaka 1868, akakulia Lissadell, Sligo, kwenye mashamba ya baba yake, Sir Henry Gore-Booth. Lakini cheo alichojulikana nacho, cha "Countess", hakikutoka huko. Alikipata kwa mumewe, mchoraji wa Kipolandi Casimir Markievicz.

Uzushi unaoniudhi zaidi ni wa mahakama ya kijeshi iliyomhukumu 1916, baada ya kupigana katika Uasi wa Pasaka, uasi wa Dublin dhidi ya utawala wa Uingereza. Mwendesha mashtaka, William Wylie, aliandika miaka zaidi ya 20 baadaye kwamba mama huyu alilia na kuomba asiuawe kwa kuwa ni mwanamke. Kumbukumbu za kesi yenyewe hazina kilio chochote. Zinaonyesha alisema alitoka kupigania uhuru wa Ireland, alifanya aliloona ni sawa, na halikani. Ni mahakimu waliopendekeza ahurumiwe, kwa sababu ya jinsia yake tu, na hukumu ya kifo ikageuzwa kifungo cha maisha. Kati ya maandishi ya siku ile na kumbukumbu za uzeeni, mimi naamini ya kwanza. Isitoshe, siku chache kabla, wapiganaji waliposalimu amri kwenye Chuo cha Madaktari wa Upasuaji, aliibusu bastola yake ndipo akamkabidhi ofisa wa jeshi la Uingereza. Huyo ndiye wa kupiga magoti?

Husemwa pia kwamba alikuwa waziri wa kwanza mwanamke duniani. Alexandra Kollontai wa Urusi alimtangulia, 1917. Markievicz alishika Wizara ya Kazi mwaka 1919, na baada yake Ireland haikuwa na mwanamke mwingine katika baraza la mawaziri hadi 1979.