Entomolojia, Parasitolojia au Epidemiolojia? Kuchagua Programu ya Umahiri kwa Anayetaka Kuchunguza Malaria

Kila dirisha la udahili wa shahada za umahiri, ambazo wengi wetu tunaziita masta, linapofunguliwa, ofisi za masomo ya uzamili hupokea swali lilelile kwa sura nyingi. Mwombaji amehitimu shahada ya kwanza katika baiolojia, uuguzi, maabara ya tiba au udaktari wenyewe, anasema anataka kufanya utafiti wa malaria, na mbele yake zipo programu nne au tano zenye majina yanayokaribiana kiasi cha kumchanganya. Wapo wanaochagua jina linalosikika la kisasa zaidi. Wapo pia wanaoomba zote kwa barua moja, wakasahau hata kubadilisha jina la programu katika aya ya mwisho. Kamati za udahili huziona barua hizo, na hazizisahau upesi.

Ushauri wangu ni kwamba mwombaji aanze na swali la kitafiti ambalo yuko tayari kuishi nalo kwa miaka miwili, ndipo atafute programu inayofundisha namna ya kulijibu. Malaria inafaa kuwa mfano kwa sababu ugonjwa ni mmoja, lakini taaluma zinazouzunguka zinatazama vitu tofauti kabisa.

Tuchukue bonde la Kilombero mkoani Morogoro, ambako malaria imechunguzwa kwa miongo mingi, tangu wanasayansi wa Uswisi walipoweka maabara yao ndogo Ifakara katika miaka ya 1950, maabara iliyokuja kukua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Vyandarua vyenye viuatilifu vimewapunguza sana mbu aina ya Anopheles gambiae, lakini Anopheles funestus, aliyejenga usugu dhidi ya viuatilifu hivyo, ndiye sasa anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi bondeni humo. Anayetaka kujua mbu huyu anazaliana katika maji gani wakati wa kiangazi, anauma saa ngapi na anapumzika wapi baada ya kushiba damu, mahali pake ni entomolojia ya tiba, yaani elimu ya wadudu wanaoeneza magonjwa. Ajiandae kulala vijijini, kutega mitego jioni na kuikagua alfajiri, kulea viluilui, na hatimaye kurudi maabara, kwa kuwa mbu wa kundi la funestus wanafanana mno na ni kipimo cha vinasaba kiitwacho PCR kinachowatenganisha kwa uhakika.

Sasa twende Kagera. Huko, kama ilivyokuwa katika nchi jirani ya Rwanda, wamegunduliwa vimelea vya malaria vyenye badiliko la jeni la kelch13 linalojulikana kama R561H, ambalo huvifanya vichelewe kutoweka katika damu ya mgonjwa anayetumia dawa zenye artemisinini, ambazo ndizo tiba kuu ya malaria. Swali la namna vimelea hivi vinavyoihimili dawa ni la kimelea chenyewe, na programu zinazogombea mwombaji wa aina hii ni parasitolojia ya tiba, baiolojia ya molekuli na bioteknolojia. Tofauti kati ya programu hizi imejificha ndani ya mtalaa. Parasitolojia humfundisha mwanafunzi kukijua kimelea, mzunguko wa maisha yake na namna kinavyomdhuru mwenyeji wake, ilhali baiolojia ya molekuli humfundisha mbinu za kusoma jeni, na kimelea cha malaria huenda kikajitokeza kwa mara ya kwanza atakapochagua mada ya tasnifu. Bioteknolojia ni pana zaidi, na katika vyuo vingine imeegemea kilimo na viwanda kuliko afya. Mtu anaweza kuingia humo akidhani anakwenda kuchunguza dawa za malaria, akajikuta muhula mzima yuko na miche ya migomba.

Epidemiolojia, elimu ya namna magonjwa yanavyoenea katika jamii, hutazama watu wengi kwa pamoja. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S lilifanyika kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021. Kupanga ni watoto gani wapewe chanjo na gani wapewe ya kulinganishia, na kuwafuatilia bila upendeleo, ni kazi ya mwanaepidemiolojia. Kukokotoa idadi ya watoto wanaohitajika na kuchambua matokeo ni kazi ya mwanabiostatistiki, yaani mtaalamu wa takwimu za afya. Kozi za mwanzo za programu hizi mbili mara nyingi hufanana, kisha biostatistiki huzama katika nadharia ya uwezekano na kalkulasi, na aliyeikimbia hisabati tangu kidato cha nne atajuta. Ama shahada ya umahiri katika afya ya jamii, hiyo huchanganya epidemiolojia na sera, uongozi na fedha za huduma za afya. Kwa maoni yangu, waombaji wengi wa epidemiolojia walio kazini katika halmashauri wangefaidika zaidi na hii.

Brosha haitoshi kuonyesha tofauti hizi. Omba mtalaa kamili. Nchini Tanzania shahada ya umahiri huwa na angalau krediti 180, kila krediti ikihesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, kwa hiyo angalia ni ngapi ziko kwenye kozi na ngapi kwenye tasnifu. Kisha fungua hazina ya kidijitali ya maktaba ya chuo, usome vichwa vya tasnifu za wahitimu wa programu hiyo pamoja na majina ya wasimamizi wao. Ikiwa miaka mitatu imepita bila tasnifu hata moja kuhusu mbu, jina la entomolojia mlangoni halitakusaidia.

Kuhusu sifa za kujiunga, wastani wa alama (GPA) wa 2.7 kwa mfumo wa alama 5 ndiyo kiwango cha chini kilichozoeleka, ingawa programu za molekuli na biostatistiki huangalia pia alama za kozi mahususi katika hati ya matokeo. Hakikisha programu, na si chuo peke yake, ina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), au ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa anayesoma Kenya. Anayekwenda ng'ambo akumbuke kwamba tuzo yake itahitaji kutambuliwa na TCU atakaporudi.

Mwenye mfadhili asome barua ya ufadhili kabla ya kuthibitisha nafasi, kwa sababu kwa kawaida barua hiyo hutaja programu kwa jina, na mwanafunzi anayehama kutoka parasitolojia kwenda epidemiolojia bila idhini ya maandishi anaweza kusimamishiwa ada katikati ya muhula, wakati dirisha la kurudi alikotoka limekwisha kufungwa.