Kwa nini pampu ya maji ya nyumbani huwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache?

Mtu anafungua koki anawe mikono, pampu inanguruma uani. Kabla hajapaka sabuni imeshazima. Inawaka tena, inazima tena, na mshale wa geji, kile kipimo cha presha, unapanda na kushuka bila kutulia. Nyumba nyingi zenye kisima au tangi la akiba zinaujua mlio huu, na ushauri unaofuata ni uleule: pampu imechoka, nunua nyingine. Usitoe hela bado. Mara nyingi pampu hiyo ni nzima kabisa. Kilichokwisha ni upepo ndani ya tangi la presha, lile dumu la chuma lililofungwa pembeni yake.

Upepo unaingiaje kwenye mambo ya maji? Maji hayabanwi, au yanabanwa kidogo mno hata usione. Hewa inabanwa. Ndani ya tangi la presha mna mfuko wa mpira unaopokea maji, na katikati ya mpira na chuma mmejazwa upepo. Pampu inaposukuma maji, mfuko unavimba na upepo unabanwa. Ukifungua koki, pampu inabaki imezima. Upepo ndio unaoyasukuma maji hadi bafuni. Presha ikishuka kiasi fulani, swichi ya presha inaiwasha pampu, na ikipanda vya kutosha inaizima. Swichi nyingi za nyumbani hutoka kiwandani zimepangwa kuwasha kwenye bar 1.4 na kuzima kwenye bar 2.8, ambazo ni kama 20 na 40 kwa kipimo cha psi wanachotumia mafundi wa tairi.

Chukua tangi la lita 24, dogo linalofungwa kwenye nyumba nyingi za kawaida. Kanuni aliyoichapisha Robert Boyle mwaka 1662 inasema hewa ikibanwa kwa presha maradufu, joto likiwa lilelile, ujazo wake unabaki nusu. Ukipiga hesabu kwa kanuni hiyo, tangi lenye upepo wa bar 1.3 linatoa maji kama lita 8 na nusu kuanzia pampu ilipozima hadi inapowaka tena. Si lita 24, na hapo ndipo wengi wanaponunua tangi dogo kuliko mahitaji yao. Upepo wote ukivuja lakini mpira ukabaki mzima, linatoa chini ya lita 4. Mpira ukipasuka na maji yakajaa tangi zima, hakuna tena cha kubanwa: glasi moja tu ya maji inaangusha presha, na glasi nyingine inairudisha. Ndiyo sababu ya ule mlio.

Na madhara yake ni makubwa. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishashika kasi, na kila kuwaka kunaacha joto kwenye koili, nyaya zilizoviringwa ndani ya mota. Pointi za swichi, vile vyuma vinavyogusana kupitisha umeme, zinapiga cheche, zinaungua, mwishowe zinaweza kugandana pampu isizime kabisa. Kwa hiyo pampu iliyoachwa kwenye hali hiyo wiki baada ya wiki inakufa kweli, na aliyesema imechoka anaonekana alikuwa na haki.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Zima umeme wa pampu kwenye breka, si kwenye swichi ya presha, maana nyaya zilizomo ndani yake zina umeme. Fungua koki ya karibu hadi maji yaishe na geji isome sifuri. Kwenye tangi, upande usiounganishwa na bomba, kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Kifungue utaona valvu kama ya tairi la gari. Bonyeza kile kisindano cha katikati kwa ncha ya bisibisi. Upepo ukitoka kwa nguvu, pima kwa geji ya tairi. Ukitoka kidogo au usipotoka kabisa, jaza kwa pampu ya baiskeli. Yakiruka maji, mara nyingi yenye rangi ya kutu, mpira umepasuka. Matangi mengi ya aina hii yana flenji, kifuniko cha chuma chenye bolti, mdomoni. Unafungua, unatoa mpira wa zamani na kuingiza mpya, bila kununua tangi lote.

Kiwango cha upepo kiwe chini kidogo ya presha ya kuwashia: kwa swichi ya bar 1.4, jaza bar 1.2 au 1.3. Kosa linaloharibu vipimo vya watu ni kupima tangi likiwa bado na maji. Hapo geji inakusomea presha ya maji, unaridhika kuwa upepo upo, na tatizo linabaki palepale. Vilevile msimamishe fundi anayekimbilia kuzungusha nati za swichi kabla ya kugusa tangi, kwa sababu nati hizo zikishavurugwa unakuwa na matatizo mawili. Mpira hupitisha hewa polepole hata ukiwa mzima, kwa hiyo pima walau mara moja kwa mwaka.

Pampu ikiwaka usiku wakati hakuna aliyefungua koki, hilo ni jambo jingine: maji yanatoka mahali. Funga koki kuu inayopeleka maji ndani ya nyumba, kisha tazama geji. Ikitulia, uvujaji uko ndani, na wa kwanza kushukiwa ni tangi la choo linalotiririka kimyakimya. Mshale ukiendelea kushuka, maji yanarudi kisimani au tangini kupitia valvu ya kuzuia maji yasirudi. Punje ya mchanga ikikwama humo inatosha.

Na pampu isiyozima kabisa? Kama pointi hazijagandana, basi haifikii presha ya kuzimia: umeme ni mdogo, feni yake ya ndani inayosukuma maji imelika, au inavuta hewa kwenye maungio ya bomba la kuvutia. Angalia pia kina cha maji kisimani. Pampu ya juu ya ardhi inategemea uzito wa hewa kuyapandisha maji, na kwenye usawa wa bahari kikomo chake ni kama mita 10, kwa vitendo 7 au 8. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na kikomo kinashuka hadi kama mita 8 na kitu kwenye karatasi, pungufu zaidi kisimani. Maji yakishuka chini ya hapo wakati wa kiangazi, dawa ni pampu ya kuzamisha, inayokaa ndani ya maji yenyewe.