Je, wajua kwa nini watetezi wa shule za umma huhangaikia vyeti vya kuzaliwa?

Ukisikia kwamba shirika la kijamii linasaidia shule ya msingi ya umma huko Nyakach au Seme, kaunti ya Kisumu nchini Kenya, utafikiria lori la madawati na maboksi ya vitabu. Vitu hivyo hutolewa, ni kweli, lakini havifiki mbali kama tunavyodhani.

Busia, magharibi mwa Kenya, ilitufundisha hilo mapema. Mwaka 1996 shirika moja lisilo la serikali liligawa vitabu vya kiada katika shule 25 kati ya 100 za Busia na Teso, na watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyeshinda Nobel ya uchumi mwaka 2019, wakalinganisha matokeo. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Kuanzia 1998, huko huko Busia, dawa za minyoo zilipunguza utoro kwa takriban robo, japo watafiti wengine wamezibishia baadhi ya hesabu hizo. Utafiti wa vitabu nao ni wa wilaya mbili na wakati mmoja, kwa hiyo usiutumie kumnyima mtoto kitabu.

Sasa tuje kwenye vyeti. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, Serikali hupeleka shuleni mgao wa fedha kwa kila mwanafunzi. Kwa miaka mingi kiwango cha shule za msingi kimekuwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilileta NEMIS, mfumo wa kompyuta wa kuorodhesha wanafunzi, na mtoto aliingizwa humo kwa namba ya cheti cha kuzaliwa. Asiye na cheti hakuhesabiwa kwenye mgao, ingawa alikuwa darasani kila siku.

Chukua mfano wa jiko la matanga. Mpishi amepewa unga wa watu mia walioandikwa. Wakija mia na ishirini hakuna anayefukuzwa, ila ugali ule ule unakatwa vipande vidogo zaidi, na aliyeandikwa anapunjika sawa na asiyeandikwa. Shule yenye watoto 60 wasio na vyeti ilikosa shilingi 85,200 kwa mwaka, na chaki, stima na ukarabati vikapungua kwa wote.

Ndiyo maana mtetezi makini humfuata naibu wa chifu kuhusu usajili wa watoto. Mtoto asiyesajiliwa ndani ya miezi sita huhesabiwa amechelewa, na mzazi hutakiwa vielelezo kama kitambulisho na kadi ya kliniki. Anayelelewa na nyanya baada ya kufiwa na wazazi ndiye mwenye safari ndefu zaidi: mara nyingi huanza na vyeti vya vifo.

Utetezi wenyewe umeegemea Kifungu cha 53 cha Katiba. Aya ya (a) inampa mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa. Aya ya (b), elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mtoto hawezi kunyimwa ya pili kwa sababu Serikali haijamtimizia ya kwanza, na hoja hiyo ina nguvu kweli.

Barua ya kudai haki hiyo, hata hivyo, haiendi kwa gavana wa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba liliipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na kuiachia Serikali ya kitaifa shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo katika ua mmoja wa shule pale Kisumu, darasa la chekechea hudaiwa kwa kaunti, na Gredi ya Kwanza ya mlango wa pili hudaiwa Nairobi.