Umeme utafika lini? Dhana potofu kuhusu mahali pa kujenga vituo vya data vya akili mnemba

Anayetafuta eneo la kujenga kituo cha data cha akili mnemba, yaani jengo lililojaa kompyuta zinazoendesha mifumo hiyo, siku hizi haanzi na bei ya kiwanja wala hali ya hewa. Anaanza na kampuni ya umeme, na swali lake ni moja: nikileta mitambo yangu hapa, mtaniwashia mwaka gani? Mengine yote, yakiwemo maji, mkongo wa mawasiliano, kodi na barabara, hufuata baada ya jibu hilo.

Naanza hapo kwa sababu mijadala ya hadharani mara nyingi hukaa mbali na swali hilo. Wananchi wanabishana kuhusu ekari, viongozi wanatangaza ajira, na huku nyuma mambo yatakayowagusa watu kwa miaka mingi, yaani nyaya, bili na vyanzo vya maji, yanakubaliwa katika mikataba ambayo wengi hawataiona. Ukishika dhana potofu utauliza swali lisilohusika, na utapewa jibu zuri sana lisilokusaidia.

Dhana: penye ardhi kubwa ya bei nafuu panatosha

Ardhi ni sehemu ndogo ya gharama. Fedha nyingi huenda kwenye chipu, na chipu hizo hula umeme kwa kiwango ambacho majengo ya zamani hayakukijua. Kabati moja la kompyuta la Nvidia, kampuni inayotengeneza chipu hizo, aina ya GB200 NVL72, lenye chipu 72, hutumia takriban kilowati 120. Kabati la seva za kawaida, zile za kuhifadhi tovuti na barua pepe, lilizoea kilowati 5 hadi 10. Panga makabati mia moja ya aina hiyo mpya na tayari umefika megawati 12, kabla hujawasha pampu hata moja ya kupozea. Na makabati mia moja ni mradi mdogo. Inayozungumzwa sasa ni miradi ya mamia ya megawati, na mingine inavuka gigawati moja, yaani megawati 1,000.

Umeme wa kiasi hicho hauvutwi kutoka kwenye nguzo ya barabarani. Unataka njia ya msongo mkubwa, kituo chake cha kupoza umeme, na transfoma kubwa ambazo ukiziagiza leo huenda zikafika baada ya miaka 2 hadi 4. Ndiyo maana uwanda mpana usio na nyaya hushindwa na kiwanda kilichofungwa. Mwaka 2009 Google ilinunua kiwanda cha karatasi kilichokuwa kimefungwa huko Hamina, Finland, ikapata kwa mpigo mmoja majengo, umeme na handaki la kuvutia maji ya bahari. Mwaka 2024 kampuni ya akili mnemba ya xAI iliingia katika jengo lililokuwa kiwanda cha Electrolux mjini Memphis, Marekani. Kwa kuwa gridi haikuwa tayari kuipa umeme wote iliouhitaji, ilileta mitambo ya gesi ya kufua umeme papo hapo, na wakazi wa jirani wakaanza kulalamikia hewa wanayovuta. Septemba mwaka huohuo Microsoft iliingia mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, kilichozimwa mwaka 2019, ili kinu hicho chenye megawati 835 kifufuliwe. Katika visa vyote vitatu, kilichovuta ni kitu kilichokuwapo tayari, si ardhi tupu.

Dhana: nchi ikiwa na ziada ya umeme, kituo kinaweza kuwekwa popote

Hii naiona ya hatari kuliko zote, maana husemwa na watu wenye mamlaka na huonekana kama hesabu rahisi. Umeme wa ziada ulioko kwenye bwawa la kaskazini haumfai aliye kusini ikiwa njia ya kuusafirisha imejaa. Tena hesabu ya mwaka mzima haielezi kinachotokea saa moja jioni, kila nyumba ikiwa imewasha taa na jiko. Kituo cha data kinataka umeme mchana, usiku na sikukuu.

Tazama Ireland. Mwaka 2015 vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme uliopimwa kwa mita nchini humo. Kufikia 2023 vilikuwa vimefika asilimia 21, zaidi ya nyumba zote za mijini zikijumlishwa. Vingi vimesongamana Dublin na viunga vyake, na msimamizi wa gridi, EirGrid, akafikia hatua ya kufunga mlango kwa maombi mapya ya eneo hilo. Singapore nayo ilisimamisha vituo vipya kuanzia 2019 hadi 2022. Kwa dunia nzima, Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data vilitumia takriban terawati-saa 415, kama asilimia 1.5 ya umeme wote. Asilimia hiyo huwatuliza watu bure. Gridi haielemewi na wastani wa dunia. Inaelemewa katika wilaya moja, kwenye njia moja ya msongo mkubwa.

Kuna tukio ambalo kila anayepanga eneo angepaswa kulisoma. Kaskazini mwa Virginia, Marekani, ndiko kwenye mkusanyiko mkubwa wa vituo vya data kuliko kokote duniani. Tarehe 10 Julai 2024, kifaa cha kukinga radi kwenye njia ya kilovoti 230 kiliharibika, na volti zikayumba mara kadhaa mfululizo. Mitambo ya kinga ndani ya vituo vya data ilifanya kama ilivyopangwa: ikahesabu mitikisiko, ikajitoa kwenye gridi, ikahamia kwenye umeme wa akiba. Tatizo ni kwamba vituo kama 60 vilifanya hivyo kwa pamoja. Matumizi ya megawati 1,500 yakatoweka ghafla. Tumezoea kuogopa upungufu, lakini siku ile umeme ulizidi watumiaji, na waendeshaji wa gridi wakalazimika kupunguza uzalishaji upesi kabla volti hazijapanda kupita kiasi. Kila jengo lilikuwa limejilinda vizuri. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa eneo zima: majengo mengi yenye tabia moja yakining'inia kwenye nyaya zilezile.

Dhana: lazima pawe na baridi

Baridi inasaidia, sina ubishi. Kituo cha Luleå, Sweden, kilichofunguliwa mwaka 2013 na kampuni ambayo leo inaitwa Meta, kiko kaskazini mwa nchi hiyo, karibu na Mzingo wa Aktiki, na hupozwa kwa hewa ya nje. Lakini kilichowavuta wajenzi kule ni pia umeme wa maji wa mto Lule, wa uhakika na wa bei nafuu. Wakati huohuo Phoenix, katikati ya jangwa la Arizona, ni miongoni mwa masoko makubwa ya vituo vya data Marekani, na Singapore ina joto na unyevu mwaka mzima.

Chipu za akili mnemba zenyewe zimebadilisha hesabu. Joto la kabati la kilowati 120 haliondoki kwa feni peke yake. Kimiminika hupitishwa kwenye bamba lililobanwa juu ya chipu, kikabeba joto hadi nje. Kimiminika hicho si lazima kiwe baridi. Mifumo mingi hufanya kazi na maji ya nyuzi 30 na zaidi, kwa sababu chipu yenyewe ina joto kuliko hapo, na joto hutoka penye moto kwenda penye ubaridi. Mahali penye nyuzi 28 za wastani hapajafungiwa mlango.

Kinachoua kituo ni siku ile moja iliyovuka kiwango kilichochorwa. Tarehe 19 Julai 2022 joto la Uingereza lilivuka nyuzi 40, na Google na Oracle zote zilipata hitilafu za upozaji katika vituo vyao vya London, jiji ambalo hakuna angeliita la joto. Mafuriko ni vivyo hivyo. Kimbunga Sandy kilipoipiga New York Oktoba 2012, kuna jengo la Manhattan ambalo jenereta zake zilikuwa juu salama, ila pampu za kupandisha mafuta zilikuwa ghorofa ya chini kabisa, nazo zikazama. Wafanyakazi walipanga mstari kwenye ngazi wakapokezana ndoo za dizeli gizani hadi ghorofa ya 17. Kwa hiyo anayekuonyesha wastani wa joto na mvua mwombe rekodi ya siku mbaya kuliko zote, kisha muulize pampu ziko ghorofa gani.

Dhana: vituo hivi humaliza maji, au havitumii maji kabisa

Nimeziweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu kila upande unaishika moja na kuitumia kama silaha.

Kuna njia mbili kuu za kutupa joto nje. Moja ni kuyaacha maji yageuke mvuke: inaokoa umeme, lakini maji yanayopaa hayarudi bombani. Nyingine ni kupuliza hewa kwenye mabomba yaliyofungwa: inaokoa maji, lakini feni na mitambo ya kupoza hula umeme zaidi, hasa siku za joto kali, ambazo ndizo siku gridi inapokuwa taabani. Mtu akikuambia kituo chake kina "mzunguko uliofungwa", bado hajakujibu. Mzunguko unaopita kwenye chipu unaweza kuwa umefungwa kabisa, na nje ya ukuta joto lilelile likatolewa kwa mnara wa mvuke. Uliza kinachotokea nje. Tena, umeme wa ziada ukitoka kwenye mtambo wa makaa au nyuklia unaopozwa kwa maji, basi maji yanatumika vilevile, ila mbali na macho ya watu.

The Dalles, mji mdogo wa Oregon, ulikwenda mahakamani kuzuia gazeti lisipate takwimu za maji ya vituo vya Google. Takwimu zilipotolewa, ilionekana vinatumia zaidi ya robo ya maji ya mji. Hilo haliwezi kuitwa dogo. Lakini pia si hatima: nchini Uruguay, ambako ukame wa 2023 uliwafanya wakazi wa Montevideo kunywa maji yenye chumvi, na nchini Chile, mipango ya Google ilibadilishwa kutoka kupoza kwa maji kwenda kupoza kwa hewa baada ya wananchi kushikilia hoja. Kuna maswali yanayoweza kuulizwa popote: siku ya kilele, si ya wastani, kituo kitatumia maji kiasi gani, chanzo ni maji ya kunywa au yaliyosafishwa baada ya kutumika, na msimu wa kiangazi itakuwaje. Siri ya kibiashara haipaswi kufunika maji ya mji. Katika hilo sioni pa kukubaliana nusu kwa nusu.

Dhana: lazima kiwe karibu na watumiaji

Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kituo kilicho umbali wa kilomita 1,000 kinaongeza kama milisekunde 10 kwenda na kurudi, wakati jibu lenyewe la akili mnemba huchukua sekunde kadhaa kuandikwa. Kazi ya kufunza mfumo haina hata mtumiaji anayesubiri, hivyo inaweza kufanyika mbali sana. Ukaribu unaohitajika kweli ni wa chipu na chipu, kwa sababu hupashana matokeo mfululizo, na ndiyo sababu huwekwa maelfu kwa maelfu katika eneo moja badala ya kutawanywa mijini. Kwa upande wa mkongo, bora uwe na njia mbili zisizopita mahali pamoja. Machi 2024, nyaya kadhaa za chini ya bahari zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Côte d'Ivoire, na nchi nyingi za Afrika Magharibi zikayumba kwa intaneti. Sheria za kuhifadhi taarifa ndani ya nchi nazo huweza kuamua eneo, hata pale ambapo umbali si hoja.

Na zile ajira zinazotangazwa na viongozi hazihitaji maneno mengi. Tume ya ukaguzi ya bunge la Virginia, katika ripoti ya Desemba 2024, ilieleza kwamba jengo la kawaida la futi za mraba 250,000 huhitaji hadi wafanyakazi 1,500 wakati wa ujenzi, kisha kama 50 wa kudumu. Faida ya kweli kwa eneo huja kupitia kodi, na ikiwa kodi imesamehewa ili kumvutia mwekezaji, uliza kilichobaki.

Dhana: gharama ya umeme ni ya mwekezaji peke yake

Njia za msongo mkubwa na mitambo mipya hulipiwa na wateja wote wa gridi, isipokuwa kanuni iseme vingine. Katika gridi ya PJM, inayohudumia Virginia na majimbo mengine ya mashariki mwa Marekani, bei inayolipwa mitambo ya umeme ili iwe tayari kuzalisha itakapohitajika ilipanda kutoka dola 28.92 kwa megawati kwa siku hadi dola 269.92 kwa mwaka ulioanza Juni 2025, na mahitaji ya vituo vya data yalikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mwenye nyumba anayelipa ongezeko hilo hakuchagua eneo la kituo chochote.

Kuna tatizo jingine chini yake. Kampuni moja huomba umeme katika maeneo kadhaa kwa mradi uleule, ikisubiri kuona nani atawahi, na kampuni ya umeme haijui ijenge kwa ajili ya nani. Julai 2025 mamlaka ya udhibiti ya Ohio iliweka sharti: kituo kipya cha data chenye mahitaji ya zaidi ya megawati 25 kwenye gridi ya kampuni ya umeme ya AEP Ohio kitalipia angalau asilimia 85 ya umeme kilioomba, kiwe kimeutumia au la, kwa hadi miaka 12. Baada ya sharti hilo, maombi yaliyokuwa kwenye foleni yalishuka kutoka takriban gigawati 30 hadi 13.