Ruta haioni waya? Weka chini hiyo sindano

Juzi asubuhi, baada ya usiku wa mvua kubwa, mama mmoja wa Muhungu, mtaa wa hapa Bukavu, alinipigia simu: "Fundi, intaneti imekufa, na forfé (kifurushi cha intaneti) tumelipa wiki iliyopita tu!" Nilipofika nikakuta kijana wake ameshabonyeza kile kitundu cha riseti, nyuma ya ruta, kwa sindano, mpaka taa zote zikazimika na kuwaka upya. Jina la mtumiaji na nywila ya mtoa huduma vikafutika. Tatizo moja likawa mawili.

Taa ya WAN, yaani tundu linalopokea waya wa intaneti kutoka nje, haikuwaka hata kidogo, na kwenye mipangilio ruta ilisema waya haujachomekwa, ingawa ulichomekwa vizuri kabisa. "Mama, hapa forfé haina kosa," nikamwambia. Forfé ikiisha, taa ya WAN huendelea kuwaka, ila kurasa hazifunguki. Taa ikizimika, maana yake ruta haisikii kitu chochote upande wa pili wa waya. Nywila na malipo hukaguliwa baada ya hapo. Riseti haiungi waya.

Mimi huanza na waya mfupi ambao najua ni mzima. Ncha moja naitia kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba), nyingine kwenye WAN ya ruta hiyohiyo, kwa sekunde chache tu. Taa ya WAN ikiwaka, tundu ni zima na kosa liko nje. Isipowaka, tundu lenyewe lina walakini. Kwa mama ikawaka.

Basi nikahamia kwenye kisanduku cha umeme wa antena. Nyumba nyingi ninazohudumia hapa Bukavu zina antena juu ya bati, na umeme wake hupanda kwa waya uleule wa data. Kisanduku kina matundu mawili yanayofanana kama mapacha: POE ni la antena, LAN ni la ruta. Mtu anafagia, anasogeza meza, anachomeka kinyume. Na si kosa dogo, maana umeme ule, mara nyingi volti 24, unaweza kuliunguza tundu la ruta. Mimi hupaka rangi nyekundu ya kucha upande wa POE. Mke wangu ananidai vichupa viwili.

Kisanduku kilikuwa sawa. Nikachomoa kichwa cha waya na kukimulika kwa tochi ya simu: kati ya meno manane, mawili yalikuwa na ukijani, na ndani tone la maji. Fundi aliyetangulia alipitisha juu ya bati waya wa kijivu, wa ndani ya nyumba. Jua likalipasua ganda, mvua ikaingia na kuteremka humohumo hadi mezani. Nje tumia waya mweusi uliotengenezwa kwa kazi hiyo, na kabla haujaingia dirishani uache ulegee chini kidogo, maji yadondokee hapo.

Nikakwangua uzi mmoja kwa kisu. Chini ya rangi ya shaba, weupe: alumini iliyopakwa shaba. Ni nafuu sokoni, lakini ukiupindapinda unaweza kukatika ndani na ganda likiwa zima.

Ukibana kichwa kipya, mpangilio ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wanaoanza huweka kijani zote mbili pamoja, kwa sababu zimesokotwa pamoja. Wakirudia hivyohivyo ncha zote mbili, testa (kipima waya) ya bei rahisi itawasha taa zote 8 na kuwadanganya, kumbe ruta inahangaika. Spidi ya megabiti 100 hutumia nyuzi ya 1, 2, 3 na 6 tu. Gigabiti (megabiti 1000) inazitaka zote nane. Kwa hiyo uzi wa kahawia ukikatika, jaribu kuilazimisha ruta ibaki kwenye 100, mara nyingine taa hurudi.

Tundu likiwa limeungua kweli, kwetu mshukiwa wa kwanza ni radi. Utafiti wa mwaka 2016 uliotumia data za setilaiti ya NASA uliiweka Kabare, hapa jirani, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga karibu, waya mrefu wa antena hudaka msukumo wake na kuuleta kwenye ruta. Watu huchomoa umeme wa ukutani na kuacha waya wa antena umechomekwa. Chomoa vyote viwili. Ukishachelewa, baadhi ya ruta hukuruhusu kugeuza tundu moja la LAN kuwa WAN, na unaokoa pesa ya ruta mpya.

Kwa mama nilikata kipande kilicholowa, nikabana kichwa kipya, taa ikawaka papo hapo: dakika kumi. Ilibaki nywila, na hiyo ilitupotezea saa nzima. Karatasi yake ilikuwa kwenye katoni ya ruta, chini ya mayai.