Barnenez sio rundo la mawe tu jamani

Kuna watu wakiona picha ya Barnenez, kaburi la kale la mawe huko Ufaransa, wanasema ah, mawe tu hayo. Haya, kuna mkandarasi miaka ya 1950 nae aliwaza hivohivo, akapeleka mitambo akaanza kuchota mawe ya barabara, rundo dogo la jirani akalimaliza lote, akahamia kwenye hili kubwa akalimega ubavu mpaka vyumba vya ndani vikabaki wazi, ndo akasimamishwa. Kuanzia 1955 akaingia mwanaakiolojia Pierre-Roland Giot kuchimba kistaarabu.

Hilo kaburi liko kwenye rasi moja huko Brittany, Ufaransa, linatazama ghuba ya Morlaix, urefu mita kama 72, ndani vyumba 11 na kila kimoja kina ujia wake mwembamba wa kuingilia. "Mbona mifupa hamna?" Udongo wa kule una asidi, mifupa imeliwa, ila vyungu na shoka za mawe vimekutwa.

Halafu wapo wa "walijenga Waselti, wale watu wa kale wa Ulaya, na makuhani wao". Wapi! Ujenzi ulianza karibu mwaka 4500 KK, Waselti hata kutajwa bado, wamekuja maelfu ya miaka baadae. Na nyie mnaodhani piramidi ndo mwanzo wa kila kitu, ile ya farao Khufu pale Giza, Misri, ni ya kama 2560 KK, yaani siku piramidi hiyo inajengwa, Barnenez ilishakuwa kizee cha miaka karibu elfu mbili, na imejengwa na wakulima wasio na chuma, mawe yamepangwa bila udongo wala chokaa na dari za baadhi ya vyumba bado zimeshika!

Lingine, eti ilijengwa kwa mpigo mmoja. Angalia rangi tu. Upande wa vyumba vitano vya kwanza ni jiwe jeusijeusi la palepale, doleraiti, halafu vizazi kadhaa mbele wakaunganisha vyumba sita na hapo wakatumia zaidi graniti nyeupe.

Na wanaodhani ilijengwa ufukweni nao... bahari enzi hizo ilikuwa chini kuliko leo, kwahiyo wao walikuwa wanajenga kwenye mwinuko juu ya tambarare, maji yamewafuata baadae.

Ule ubavu aliomega mkandarasi haukuzibwa, ukizunguka nyuma unaviona vyumba vimekatwa kama keki.