Je, wajua? "Inflammable" haina maana ya "kisichoshika moto"

Lori moja la mafuta limeandikwa "flammable" nyuma ya tangi. Jingine, kuukuu kidogo, limeandikwa "highly inflammable". Aliyepita darasani anajua kwamba in- ya Kiingereza hukanusha: visible ni kinachoonekana, invisible kisichoonekana. Kwa hesabu hiyo, kando ya lori la pili mtu angewasha sigara bila wasiwasi. Asithubutu! Maneno yote mawili yana maana ileile: kitu chepesi kushika moto.

Mkorogo huu umetoka kwenye Kilatini, lugha iliyokuwa na in- mbili zenye sura moja. Moja hukanusha, nyingine huonyesha kuingia au kutia, na hiyo ya pili ndiyo iliyomo katika inflammare, yaani kutia moto. Inflammable ndilo neno kongwe. Flammable lilizuka karne ya 19 na likadorora hadi miaka ya 1920, pale NFPA, chama cha Marekani cha kukinga moto, kilipoanza kulipigia debe kwa hofu kwamba kuna atakayesoma onyo akalielewa kinyume. Kisichoshika moto huitwa non-flammable, basi.

Tofauti yenye uzito iko kwa jirani yao, combustible. Hicho nacho huungua, ila hakina papara. Kila mafuta yana kiwango cha joto ambacho, yakikifikia, hutoa mvuke wa kutosha kuwaka cheche ikipita. Mpaka uliotumika Marekani kwa miaka mingi ni nyuzi 37.8 za Selsiasi: chini ya hapo ni flammable, kuanzia hapo ni combustible. Petroli huanza kwenye nyuzi 40 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo hata usiku wa baridi kali Makete inafuka mvuke wa kulipuka. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hautoweki juu, hutambaa chini mpaka ukutane na jiko la mtu.

Mafuta ya taa huanzia nyuzi 38 hivi. Ndiyo maana kibatari hakiendi bila utambi: unanyonya mafuta kidogo kidogo, kiberiti kinayapasha, mvuke unatoka, unawaka. Mafuta ya taa yakichakachuliwa kwa petroli, mpaka huo unavunjika na jiko linaweza kumlipukia mpishi usoni.

Benjamin Lee Whorf, Mmarekani aliyekuwa mwanaisimu na pia mkaguzi wa moto wa kampuni ya bima, aliona watu wakijihadhari sana karibu na mapipa yaliyojaa petroli, kisha wakivuta sigara kando ya yale "matupu". Wakati pipa tupu ndilo la hatari zaidi, maana limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Fundi wa kuchomelea akiletewa pipa la namna hiyo alikate, ana haki ya kukataa kazi.